Mfalme Aliyebaki Peke Yake

Jumatano, 4 Julai 1951

Nimetembea na hasira yangu kutoka mjini mpaka Kiogoro. Nilidhani itachoka njiani. Haikuchoka.

Mlangoni mwa ukumbi wa Wahindi wamebandika tangazo. Bingwa wa sataranji kutoka Ulaya, Bwana Keve, atapita Kisii Jumamosi tarehe 21. Atacheza na watu ishirini kwa mpigo. Meza zinapangwa nusu duara, yeye anazunguka ndani – anasogeza kete moja kwako, anakwenda kwa jirani, na kwa mwingine, mpaka akurudie. Akikurudia lazima uwe tayari na jibu. Nilisimama kusoma, mlinzi akaniuliza natafuta nani. Natafuta nani! Nimevaa tai, nimetoka kortini, mdomo umenikauka kwa kutafsiri kesi ya ng'ombe tangu asubuhi, na bado nafanana na mtu aliyepotea.

Viti: Wazungu kumi, Wahindi wanane, Waafrika wawili. Mmoja ni mwalimu kutoka Sironga. Wa pili ni mimi.

Aliyenitia kwenye orodha ni Bipin, mwenye duka. Niandike ukweli hata nikiwa nimekasirika. Miaka sita sasa, kila Jumamosi korti ikifungwa, naingia dukani kwake kwa mlango wa nyuma. Yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gunia la chumvi, ubao juu ya debe. Siku ya kwanza nilikuwa nimefuata mafuta ya taa tu. Nikamkuta anacheza peke yake, mkono wa kulia unapigana na wa kushoto. Nikamwuliza kwa nini wa kushoto unashindwa kila mara. Basi, tangu siku hiyo hatujaacha.

Lakini Jumatano jioni Bipin huoga, hupaka nywele mafuta, huenda klabu. Klabu ni chumba cha nyuma cha ukumbi: meza nne, viti vya kuegemea, taa ya karabai. Jumamosi hunisimulia nani alimfunga nani, nami nasikiliza kama mtu anayesimuliwa karamu ambayo hakualikwa. Mimi, ninayemfunga huyo huyo Bipin mara nyingi kuliko anavyonifunga! Mara moja mvua ilinikamata mjini nikajibanza chini ya dirisha lao. Nikamwona anataka kutupa kete yake ya ndovu bure. Nilikaribia kugonga kioo.

Leo Kirit, mdogo wa baba yake Bipin na mwenyekiti wa ukumbi, amesema dukani watu wakisikia: Ouko, yaani mimi, akimshinda bingwa, yeye Kirit kwa mkono wake atamfungulia mlango wa klabu. Mwanachama kamili, na kiti chake. Akasisitiza kwamba ni kushinda, si kujitahidi. Wakacheka. Nilikubali kabla hawajamaliza kucheka.

Rispa anauliza naandika nini kwa kukandamiza kalamu namna hii. Mke wangu anasoma Kijaluo kuliko padri. Ndiyo maana naandika Kiswahili.


Jumapili, 8 Julai 1951

Miaka sita nimecheza mchezo ambao Wazungu hawaujui!

Bipin amenieleza leo baada ya kanisa, taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Sheria alizonifundisha ni za babu yake, za kule kwao India. Kwa babu, askari hutembea hatua moja tu tangu mwanzo. Kwa Wazungu anaweza kuanza na mbili. Kwa babu, mfalme ana ruhusa ya kuruka kama farasi, mara moja tu katika mchezo. Kwa Wazungu haruki kamwe, bali anajificha nyuma ya ndovu – na ndovu mwenyewe si ndovu, ni ngome. Ngamia amekuwa askofu. Waziri amekuwa mwanamke.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Wewe nakuja hapa cheza na mimi, Karani. Hapana kuja cheza na Mzungu. Hii mchezo ya babu iko tamu zaidi."

Na kule klabu wanacheza ipi? Ya Kizungu. Kumbe mwenzangu ana sheria mbili, moja ya mlango wa mbele na moja ya mlango wa nyuma! Nilinyamaza. Rispa husema nikinyamaza ndipo niko mbaya.

Tumeanza kujifunza upya. Kwa mazoea nimerusha mfalme mara mbili. Mara ya pili nimelipiga debe teke, kete zikaingia kwenye mchele.


Jumamosi, 14 Julai 1951

Sheria za Kizungu zinaingia kichwani. Siku hizi kortini, shahidi akijikuna kutafuta uongo, mimi napanga kete kichwani.

Leo nimemfunga Bipin mara mbili kwa sheria za Kizungu. Mara ya tatu akaomba tucheze ya babu, tupumzike. Nikamvua kete moja baada ya nyingine mpaka nikamla askari wake wa mwisho. Mfalme wake akabaki peke yake ubaoni. Nikasimama, nikampa mkono, akaupokea, mchezo ukawa umekwisha, mshindi mimi. Akamwita mkewe, Lalita, alete chai.

Ndivyo inavyomalizika katika nyumba ile. Mwaka wa kwanza sikujua, nikamkimbiza mfalme wake aliye uchi kona hadi kona mpaka nikamfunga. Nikafurahi! Bipin alikunja ubao, na mwezi mzima hakucheza nami. Baadaye ndipo Lalita akanieleza. Babu alisema mfalme aliyebaki peke yake haguswi. Umekwisha kushinda, kila mtu ameona. Unampa mkono ili naye asimame kama mtu. Anayeendelea kumkimbiza ni mchinjaji, si mchezaji. Nilikasirika siku ile, nikaona ni kiburi cha Kihindi. Sasa naipenda desturi hiyo kuliko ushindi wenyewe. Kortini hakuna adabu kama hiyo. Kule mtu akianguka, tunamwongezea faini.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Kwa muda wote wa kuinywa sikuwa na hasira na mtu yeyote. Naandika hapa kwa sababu si jambo la kila siku.


Jumanne, 17 Julai 1951

Nimemwona mwalimu wa Sironga, Angwenyi. Alikuja kortini kwa kesi ya mpaka wa shamba la baba yake. Nikamsalimia Kigusii changu cha kuokoteza, mbuya mono, njema sana, akanijibu Kiingereza. Sataranji amejifunza kwenye kitabu. Anataja majina ya mianzo ya mchezo kama mtu anayetaja mitume kumi na wawili. Akaniuliza mimi huanza vipi. Nikamwambia huanza kwa hasira. Hakucheka.

Anasema haji kushinda, anakuja kupata uzoefu. Uzoefu! Mimi nautaka mlango ule. Nataka niingie Jumatano jioni na matope yangu ya Kiogoro viatuni, nivute kiti, niketi, na asitokee mtu wa kuniuliza natafuta nani. Ni hilo tu. Sitaki hata chai yao.


Ijumaa, 20 Julai 1951

Pasi ya makaa imeunguza ukosi wa shati langu jeupe. Nimemfokea Rispa. Amesema hasira hasara, na shati ni moja, kwa hiyo nichague. Ameugeuza ukosi ndani nje akaushona upya. Hauonekani.

Sijamwomba radhi. Nitamwomba kesho nikishinda.


Jumamosi, 21 Julai 1951

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaivunja hii kalamu.

Meza yangu ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Kila sinia la sambusa lilipopita, liligonga kiti changu. Kando yangu Angwenyi. Upande wa pili, katikati ya Wahindi wenzake, Bipin, na nywele zake za Jumatano. Kirit alikuwa anapitapita nyuma ya watu, mikono mgongoni.

Keve ni mzee mwembamba, koti limechakaa mikononi, vidole vya njano kwa sigara. Kabla ya kuanza alitupa mkono sote, mmoja mmoja. Alipofika kwetu sisi wawili hakusita. Wazungu wengine waliona, mmoja akatazama dari. Nilimpenda mzee yule papo hapo. Sasa hilo nalo linaniuma.

Angwenyi alifungwa sambusa zikiwa bado za moto. Alisema asante. Wahindi wakaanguka, Wazungu wakaanguka. Bipin alijitahidi, kisha akatupa ndovu wake bure, kama kawaida yake. Na huu ndio ubaya wa mchezo huu: kila anapoanguka mwenzako, bingwa anakurudia upesi zaidi. Mwanzo nilikuwa na nafasi ya kufikiri mpaka nikachoka kufikiri. Mwisho alikuwa ananirudia sijapata hata kumeza mate.

Lakini mimi nilikwisha mnasa farasi wake. Alikuja na haraka zake, akamweka vibaya, nikamfungia njia kwa askari wawili. Aliporudi akasimama. Akavua miwani. Akanitazama mimi badala ya ubao, kwa mara ya kwanza. Tangu hapo hakunifanyia haraka tena.

Tukabaki wawili tu. Akavuta kiti akaketi mbele yangu. Ukumbi mzima ukaja kusimama nyuma yangu, mlinzi yule yule pia, nasikia pumzi zao shingoni, juu ya ukosi alioushona Rispa. Nilikuwa na ngome moja na askari mmoja. Yeye, askari mmoja. Nikamla.

Mfalme wake peke yake ubaoni. Hana mtu.

Nikasimama. Nikampa mkono.

Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena mkono. Kisha akainuka akaushika kwa mikono yote miwili, akasema mimi ni muungwana, hajaonana na muungwana kama mimi safari yote hii. Ukumbi ukapiga makofi. Hata yule wa dari alipiga. Nikamtafuta Bipin kwa macho nikamwona ameshika kichwa. Nilidhani ni furaha.

Kirit akasoma matokeo. Bingwa ameshinda meza kumi na tisa. Meza ya ishirini, Bwana Ouko, sare.

Nikasema kwa sauti kwamba kuna makosa. Kirit akajibu hakuna makosa: mfalme hajafungwa, mimi mwenyewe nimetoa mkono, bingwa ameupokea, basi tumekubaliana sare. Hongera, sare na bingwa si mchezo. Wakapiga makofi tena! Nikamgeukia Keve – hayupo. Nikatoka mbio. Gari la kumpeleka Kisumu lilikuwa linaondoka. Akanipungia mkono kupitia kioo. Ule ule niliompa.


Jumapili, 22 Julai 1951

Sikwenda kanisani. Mungu atanisamehe, leo nisingemfaa.

Angwenyi amenijia kwa baiskeli. Sikumtarajia. Ameniambia kwa upole kwamba katika sheria za Kizungu hakuna mfalme anayehurumiwa. Hata akiwa uchi unamkimbiza mpaka umfunge, au mpaka mwenyewe akiri kushindwa. Ukimpa mkono kabla ya hapo, umemwambia tuyaache, tuwe sawa. Keve aliona nampa zawadi. Amesema pia kwamba ile ngome ingemfunga mfalme bila shida yoyote. Najua! Ningemfunga nikiwa nasinzia!

Bipin alinifundisha kila sheria ya Kizungu. Hili hakunifundisha, kwa sababu halikuwa sheria. Ilikuwa adabu. Nani anamfundisha mtu mzima adabu mara ya pili?

Nilipofika hapo nikapoa kidogo. Kwa nini? Kwa sababu nina shahidi. Kamati ya klabu inakaa kesho jioni. Nitawaambia: mkono wangu ulikuwa mkono wa mshindi, nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha ni mwenzenu, muulizeni. Bipin atasema ndiyo. Neno moja tu. Nimetafsiri kesi nyingi mno, naijua thamani ya shahidi mmoja mkweli.

Rispa amesikiliza yote, kisha ameuliza kama nina hakika na shahidi wangu. Nimemwambia asiniudhi.


Jumatatu, 23 Julai 1951

Hasira ya wiki tatu zilizopita ilikuwa mchezo wa watoto.

Walikuwa Wahindi watano mezani, Kirit na Bipin wakiwemo, na katibu wao Mzungu. Angwenyi alikuja nami, akaketi ukutani. Mimi sikupewa kiti, lakini Kirit alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Nikaeleza. Mfalme uchi, mkono, mchezo umekwisha, mshindi ndiye aliyetoa mkono. Nikaeleza nilijifunzia wapi.

Katibu akatabasamu. Akauliza: kwa hiyo kule kwao India mtu akikaribia kushinda, anaacha? Meza yote ikacheka. Si kicheko kikubwa. Kicheko kidogo, cha puani.

Kirit akamgeukia Bipin. Akamwuliza kuna desturi kama hiyo. Bipin alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Nikamwombea, kweli nilimwombea.

Akasema, "Hapana. Hapana desturi. Sisi pale duka napoteza wakati tu."

Napoteza wakati tu. Miaka sita!

Nikamwacha. Nikamtazama Kirit. Nikamwambia: Bwana Kirit, babu wa Bipin ni baba yako mzazi. Ubao ule ni wa nyumbani kwenu. Wewe umekulia miguuni pake akiucheza. Sema wewe, basi, kwamba hakuna desturi kama hiyo. Angwenyi akakohoa. Mzee mmoja mwenye hina kwenye ndevu, mjumbe wao, akainamisha kichwa, nikajua naye anajua. Wote wanajua! Watano wale wamefundishwa na babu zao, kama nilivyofundishwa mimi.

Kirit hakusema hakuna. Alisema hivi: "Baba yangu nacheza barazani na wazee wenzake. Hii ni klabu, Bwana Ouko."

Kisha akaona anihurumie. Akasema kwa kuwa nimepata sare na bingwa, Jumatano naruhusiwa kuja kutazama. Ndani, si dirishani. Ila viti havitoshi, kwa hiyo nitakuwa nasimama.

Nikamwambia nimesimama vya kutosha. Nikatoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Walinipa adabu yao, nikaivaa, nikaingia nayo ukumbini mwao, na ndiyo hiyo hiyo wakanifungia nayo mlango. Wenyewe wakaivua mbele ya Mzungu mmoja aliyetabasamu! Keve peke yake ndiye aliyeuona mkono wangu ni kitu. Na hata yeye hakuuelewa.


Jumatano, 25 Julai 1951

Kesi ya leo: mtu kamkana ndugu yake kizimbani. Kazi yangu ni kusema maneno ya mwingine kama yangu. Simjui huyu mtu, nilitakiwa kusema, simjui. Niliishia neno la kwanza. Hakimu akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, nikayasema.

Jioni nilipita ukumbini kusudi. Karabai inawaka. Nilisimama barabarani, si dirishani, nikatazama. Kiti cha Bipin kilikuwa kitupu.

Sikufurahi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia akiwa ameketi.


Jumamosi, 28 Julai 1951

Adhuhuri nilitoka kortini nikamkuta Bipin kwenye ngazi, kichwa wazi juani. Amefunga duka Jumamosi! Siku ya soko, watu wameshuka mpaka kutoka Manga na vikapu vyao! Akasema, "Karani, kuja. Hapana sema kitu. Kuja cheza tu."

Nilikuwa na maneno ya wiki nzima ya kumwambia. Nikamfuata bila kusema hata moja.

Kule nyuma ya duka ameweka kiti. Kiti cha kuegemea, cha sebuleni kwa Lalita, mahali pangu pa siku zote. Yeye akaketi kwenye gunia la chumvi. Nilikikalia. Sikusema asante.

Akapanga kete kwa mchezo wa babu. Akipanga akaongea bila kunitazama. Alisema siku ile katibu aliposema kule kwao, wakacheka, alimwona babu yake ameketi pale katikati ya meza, na dhoti yake na kilemba chake, wanamcheka yeye. "Mimi naogopa, Karani. Mimi nasema hapana, ili babu aondoke pale."

Nikasogeza askari hatua moja.

Hakucheza vibaya. Nilitaka acheze vibaya ili nimdharau, lakini alicheza kama mtu anayelipa deni la roho. Ilinichukua mchana wote kumvua. Waziri, farasi, ngamia. Nje watu wa soko wanapita, wengine wanagonga mlango wa mbele wakiita, hakuna anayewaitikia. Mwisho nikamla askari wake wa mwisho. Nilibaki na mfalme wangu na ndovu mmoja. Yeye na mfalme peke yake, kona ya upande wake.

Kwa desturi mkono hutolewa na mshindi. Sikuutoa. Nilikaa.

Akautoa yeye.

Ulikuwa juu ya debe, juu ya ubao. Najua ulikuwa unaomba nini. Haukuwa wa mchezo tu. Lalita alikuwa amefika mlangoni na chai. Nikautazama ule mkono. Ndio ulionionyesha farasi anavyopita, miaka sita iliyopita. Ndio uliokuwa umelala mapajani Jumatatu, mwenyewe anasema tunapoteza wakati tu.

Nikasogeza ndovu. Nikamwambia, shaha. Mfalme wako yuko hatarini.

Lalita aliiweka chai sakafuni, akarudi ndani. Bipin hakuuondoa mkono kwa muda. Nilifikiri atakunja ubao kama mwaka ule, atanifukuza, tuachane kwa haki. Nilikuwa naomba afanye hivyo. Hakukunja. Aliurudisha mkono polepole, akamshika mfalme, akamsogeza hatua moja. Anakimbia. Mfalme uchi wa babu yake anakimbia, na yeye Bipin ndiye anayemkimbiza.

Mlango wa mbele ukagongwa tena, kwa nguvu. Akainuka, akachukua ungo akaufunika ubao, kete zisiguswe. Akasema tutamaliza kesho baada ya kanisa langu. "Zamu yako, Karani."

Chai niliiacha palepale sakafuni.

Sasa niko nyumbani, na njia ya kumfunga naiona hata nikifumba macho. Kona ni ile ile, hana pa kwenda. Kesho nitakuwa nimeshinda kwa sheria zote, za mlango wa mbele na za mlango wa nyuma. Hasira ipo bado, nimeitafuta nilipoiacha nikaikuta. Ila leo haitembei. Imeketi tu, kwenye kile kiti cha Lalita, na mimi sijui nani aliyeipa ruhusa.

Rispa ametikisa kopo la chumvi mbele yangu. Halilii, chumvi imekwisha. Anauliza kama kesho nitapita kwa Bipin.